Nilivyomkana Baba kwa Ajili ya Kadi ya Kura

Nakumbuka siku moja ya Jumanne, mwanangu, nilipomkana baba yangu mzazi mchana kweupe, mbele ya dirisha la ofisi ya serikali mjini Meru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa kwanza kutoka mtaa wetu kufika huko, na nilikuwa nimetafuta kitambulisho kwa miaka miwili bila kukipata. Nywele zangu sasa ni nyeupe na bado nikiitaja siku hiyo uso unanichoma. Ningeweza kufa nayo kimya kimya. Lakini nimesikia kwamba makarani wa kuandikisha wapiga kura wamewafuata mpaka langoni mwa chuo chenu, wameweka meza kivulini, na wewe unawapita kila siku ukienda kula. Kwa hiyo keti, nitakusimulia.

Sisi ni watu wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Meru. Babu yangu, Farajalla, aliletwa Meru na jeshi la Mwingereza akiwa askari, kutoka upande wa Sudan. Kazi ilipokwisha hakurudishwa kwao, na yeye mwenyewe hakuomba kurudi, kwa sababu alikuwa ameshamwona nyanya yangu. Nyanya alikuwa Mmeru wa kuzaliwa, wa huko Kiirua, jina lake Nkatha. Alisilimu, akaolewa, akaitwa Mariamu. Baba yangu, Ramadhani, alizaliwa hapo hapo Majengo, chumba cha pili kutoka msikitini, akawa mchinjaji. Nyama ya bucha yake ililiwa na Waislamu na Wakristo, na mapadri, na polisi. Mimi niliitwa Zuhura.

Mwaka ninaousema, vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tena na nchi ilikuwa inangojea uchaguzi. Chuoni kwetu kulikuwa na maandamano kila mara, na kila mara tulifukuzwa. Ulikuwa ukiamka unakuta tangazo: chuo kimefungwa, kila mtu aende kwao, na akifika kwao apige ripoti kwa chifu mara moja kwa wiki. Basi kila Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa chifu kutia sahihi katika daftari lake, kama mhalifu aliyeachiliwa kwa muda. Chifu alikuwa akiniangalia juu ya miwani na kuniuliza, "Bado uko?" Nami nilimjibu, "Bado niko, chifu."

Wakati huo huo uandikishaji wa wapiga kura ulitangazwa. Nilikuwa na sababu ya kuutaka, mwanangu, na haikuwa sababu ya vitabuni. Diwani wetu alikuwa amesema mkutanoni, mchana, kwa kipaza sauti, kwamba Majengo ni mtaa wa wageni, kwamba waliletwa na mkoloni na mkoloni ameondoka, na kwamba akirudishwa kiti chake atatuondoa ajenge soko. Nyanya alikuwa amesimama pale akisikiliza, na kikapu cha sukuma wiki mkononi. Aliniuliza njiani, "Hivi mimi naye, nani alizaliwa karibu zaidi na mlima huu?" Niliapa moyoni kwamba mtu yule hatarudi kwa kukosa kura yangu.

Lakini ili uandikishwe ilikuwa lazima uwe na kitambulisho. Mimi nilikuwa na kikaratasi tu cha kusubiria, kilichokuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kikachanika katikati. Rafiki yangu Nkirote, tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni, aliomba chake wiki ile ile niliyoomba mimi. Kwao ni Kiirua, baba yake mwalimu wa shule ya msingi. Kitambulisho chake kilitoka kabla ya miezi miwili kwisha. Changu kiliulizwa maswali.

Aliyeuliza alikuwa afisa mmoja mwenye sauti ya upole. Kila Jumamosi alinunua maini kwenye bucha ya baba, na alipenda kuyachagua mwenyewe kabla hayajauzwa. Lakini akiwa nyuma ya dirisha alikuwa mtu mwingine.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"Upande wa Sudan, afisa. Alifariki kabla sijazaliwa."

"Basi leta cheti chake cha kuzaliwa."

"Enzi zile nani alikuwa anaandika vyeti?"

"Hiyo si kazi yangu, msichana. Nyinyi watu wa Majengo, maneno yenu iko na shida kidogo. Rudi wiki ijayo."

Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Akataka cheti cha baba, nikaleta. Akataka barua ya wazee, nikaleta. Akasema wazee wenyewe ni wa Majengo. Siku za kujiandikisha zilikuwa zinakwisha, nami nikaanza kuingiwa na kitu kibaya kuliko hasira. Nilianza kuliona jina langu kama mzigo.

Ndipo nilipokwenda Kiirua kumtembelea Nkirote. Upepo wa huko unatoka mlimani moja kwa moja, na mama yake alitupa chai na viazi vya kuchemsha tukala karibu na moto. Nkirote akamweleza baba yake shida yangu. Mwalimu Kiogora alikuwa mtu mwema, nataka ulijue hilo. Hata alipokosea alikosea kwa wema. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nina wasichana wanne. Sitashindwa kuandika wa tano." Keshoye alikwenda kwa chifu wa huko akarudi na barua. Barua ilisema mimi ni Makena, binti wa Kiogora, mzaliwa wa Kiirua.

Niliichukua ile barua, mwanangu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliichukua na nikashukuru.

Jumanne ile yule afisa wa maini hakuwepo, na dirishani alikaa karani mgeni aliyehamishwa kutoka Embu. Aliisoma barua, akaniangalia, akatabasamu. Hakuuliza swali hata moja. Alijaza fomu kwa mwandiko mzuri, akafungua wino, akaanza kunishika kidole kimoja kimoja na kukibonyeza kwenye karatasi. Tulikuwa tumefika mkono wa kushoto niliposikia sauti ya baba nyuma yangu.

"Zuhura, nimepata."

Nikageuka. Alikuwa amekuja mbio, bado amevaa koti lake jeupe la kazi, na mkononi ameshika karatasi chakavu ya rangi ya chai. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa siku tatu alikuwa amefungua kila sanduku la kila mjane Majengo, akitafuta kitu chochote chenye jina la babu, mpaka akapata kipande chake, kile cheti cha utambulisho ambacho wazee walilazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kikopo cha bati wakati wa mkoloni. Alikuwa ameacha bucha wazi na wateja ndani ili aniwahi.

Karani aliinua macho. "Mzee anasema na wewe?"

Watu wa foleni walikuwa wanatazama. Fomu ilikuwa karibu kwisha. Nilimwangalia baba machoni nikasema, "Mimi simjui huyu mzee."

Baba alisimama vile vile. Aliiangalia mikono yangu iliyojaa wino, akaiangalia fomu mezani, na nafikiri alielewa yote kwa mara moja, maana hakuwa mtu mzito wa kuelewa. Kisha akamwambia karani, kwa adabu, "Samahani, kijana. Nimemfananisha." Akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka.

Karani akasema, "Haya Makena, lete kidole gumba." Nikampa.

Nilipewa kikaratasi kipya, nikaambiwa nirudi baada ya wiki moja. Shughuli nzima haikufika dakika ishirini. Nilizunguka mjini mpaka jioni nikiogopa kwenda nyumbani. Nilipofika, baba alikuwa ameshakula na kwenda msikitini. Nyanya peke yake alikuwa jikoni anachambua mchele, na nilipomsalimia aliitikia bila kuinua kichwa.

"Baba yako amerudi mapema leo," akasema. "Hakusema kitu. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya tatu akaniambia amekufananisha na msichana mwingine. Sasa wewe niambie, huyo msichana mwingine ni nani?"

Nikamwambia. Nililia nikimwambia, na nikajitetea pia. Nilisema diwani, nikasema Majengo, nikasema soko, nikasema kura. Nyanya aliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza.

"Nilipoolewa hapa," akasema, "ndugu zangu walikuja sokoni siku moja. Niliwaona, nikawafuata kwa furaha. Mwanamke mmoja akawauliza, huyu ni nani wenu? Kaka yangu mkubwa akajibu, hatumjui. Nilitembea kutoka pale nikidhani nimekufa. Maneno yale nimeyasikia mara moja katika maisha yangu, Zuhura. Sikujua kwamba mara ya pili yatatoka katika nyumba yangu."

Nilipiga magoti. Akanishika kidevu akaniinua uso, na mkono wake ulikuwa na vumbi la mchele.

"Na hiyo kura utapiga vipi? Yule diwani anasema Majengo hakuna mwenyeji. Wewe umekwenda dirishani, umeandika kwa vidole vyako kumi kwamba ni kweli. Kura ya Makena itamfanya nini? Umeshampigia yeye."

Sijawahi kukaripiwa na mtu yeyote namna ile, wala kabla wala baadaye. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Asubuhi nilikwenda bucha. Nilichagua saa ambayo kuna watu wengi, na kulikuwa na foleni mpaka nje. Nikasimama mlangoni nikasema kwa nguvu, "Baba, shikamoo. Nimetumwa nyama na nyanya." Watu wakageuka. Baba alikuwa anakata mfupa, hakusimama. Nikasema tena, "Baba."

"Marahaba," akasema. "Kwa nini unapiga kelele? Mimi si kiziwi."

Alinipimia nyama, akaifunga. Wateja walipopungua nilimuuliza kwa nini alimwambia karani kwamba amenifananisha, kwa nini hakuniumbua pale pale. Alifuta kisu chake kwa kitambaa kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unataka kitu sana," akasema. "Sikutaka niwe mimi wa kukuzuia."

"Kile kipande cha babu kiko wapi?"

"Kipo."

"Kesho tutakwenda nacho," nikamwambia, "na nitarudisha jina la watu."

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kiirua kumrudishia Mwalimu Kiogora barua yake. Nilidhani atakasirika. Alikaa na barua ile magotini, akasema polepole, "Nilidhani nakusaidia. Sikufikiria kwamba una baba." Kisha akauliza saa ngapi tutakuwa ofisini.

Mwanangu, elewa kwamba nilichokuwa nakwenda kufanya kilikuwa na jela ndani yake. Nilikuwa nimedanganya serikali kwa maandishi, na zile hazikuwa nyakati za serikali kumcheka mwanafunzi. Baba alilijua hilo. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi, akafunga bucha, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mvua kubwa. Nyanya alikuja na fimbo yake. Majirani walipotuona tunapita wakauliza tunakokwenda, na wengine wakafunga milango yao wakatufuata, wakiwemo vijana wenzangu waliokuwa na vikaratasi vyao vya kusubiria mifukoni. Tulipofika tulimkuta Mwalimu Kiogora na Nkirote wamesimama nje kwenye nyasi, wametangulia.

Yule afisa wa maini alikuwa amerudi dirishani. Nikaweka mbele yake kikaratasi cha Makena.

"Hiki ni cha uongo," nikasema. "Mimi naitwa Zuhura Ramadhani Farajalla. Nilidanganya hapa Jumanne, na nimekuja kukuambia."

Akasoma, uso ukabadilika. "Unajua naweza kukufunga?"

"Najua. Lakini kwanza andika hivi, afisa. Uongo wangu mliukubali kabla dakika ishirini hazijakwisha. Ukweli wangu mmeukataa miaka miwili."

Mwalimu Kiogora akasogea karibu yangu. "Barua niliitafuta mimi," akasema. "Ukifunga, funga wawili."

Afisa akaanza kusema habari ya kuchunguza asili ya mtu, akasema utaratibu, akasema watu wa mpakani. Nilimkatiza. Sikuwa nimelelewa kumkatiza mtu mzima, na siku ile nilifanya hivyo bila aibu.

"Kila Jumatatu natia sahihi kwa chifu kwa sababu serikali inataka kujua niko wapi. Haijawahi kuniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Mnanijua Jumatatu mkitaka kunichunga. Iweje Alhamisi nikitaka kupiga kura hamnijui?"

Baba akaweka kile kipande juu ya meza, taratibu, kama anayepima nyama ya mgonjwa. "Bwana afisa," akasema, "wewe na mimi tumeonana kila Jumamosi miaka mingapi? Hujawahi kuniuliza maini haya yametoka nchi gani."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Afisa hakucheka. Ndipo nyanya aliposogea dirishani na kumsalimia kwa Kimeru, "Muga." Afisa alishtuka. Hakuwa amejua kwamba kikongwe yule wa buibui ni wa lugha yake. Akamjibu kwa heshima, akamuuliza ukoo wake, na sauti yake ikawa laini. Nikaona amepata mlango wa kutokea. Angeandika ukoo wa nyanya na mambo yangekwisha.

Nyanya alirudi kwenye Kiswahili ili wote tusikie. "Ukoo wangu ninao, na sitakupa. Huyu haombi kuwa mtu kwa sababu yangu. Hata kama nyanya yake angekuwa ametoka mwezini, amezaliwa hapa, na baba yake amezaliwa hapa. Andika hilo. Sisi tutakaa."

Tukakaa. Tulikaa kwenye zile nyasi Alhamisi mpaka ofisi ikafungwa, na Ijumaa, wanaume wakaenda kuswali kwa zamu wakarudi. Jumatatu nilitoka kwa chifu moja kwa moja nikaja kukaa. Polisi walikuja wakatuangalia. Mmoja wao alikuwa mteja wa baba, akatuomba tusizibe njia, tukasogea kidogo. Jumatano mchana afisa alitoka nje mwenyewe, amebeba fomu na wino, akasema jina langu lote bila kukosea. Kwenye nafasi ya jina la babu aliandika: Farajalla. Mahali alipozaliwa aliacha mstari. Fomu ya Makena aliichana mbele yangu, na habari ya jela hakuitaja tena.

Ungependa nikuambie kwamba nilipiga kura mwaka ule. Sikupiga. Kitambulisho changu kilitoka siku tisa baada ya daftari la wapiga kura kufungwa. Siku ya uchaguzi nilimsindikiza nyanya kwenye foleni nikimshika mkono, na mlangoni nikaambiwa nisimame hapo. Nilisimama hapo. Yule diwani alirudi kwenye kiti chake. Nililia sana jioni ile, na baba alikuwa amekaa kando yangu, hakuniambia ninyamaze.

Lakini vijana wa Majengo walikuwa wameijua njia ya zile nyasi. Mmoja mmoja walikwenda wakakaa, na vitambulisho vikatoka kwa shingo upande. Uchaguzi uliofuata mimi nilikuwa mwalimu karibu na Ishiara, upande wa Embu. Siku ya kwanza ya uandikishaji nilifika kabla karani hajapanga meza, na aliponiuliza kama mimi ni wa hapa, nilimwekea kitambulisho mezani nikamwambia asome. Akasoma, akaandika. Na kule Majengo, diwani aliangushwa. Wanasema foleni ya asubuhi ilianzia msikitini ikafika barabara kubwa, na kwamba alipita na gari akaiona, akapandisha kioo.

Sasa wewe unaniambia kura moja haifanyi kitu, na kwamba wote ni wezi. Labda ni wezi. Mimi sijasema ukawapende. Nakuambia kwamba mtu hahangaiki miaka miwili kukunyima kitu kisichofaa. Ingekuwa kura haina kazi, wangenipa kitambulisho siku ya kwanza, pamoja na soda.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na niisikie ukiirudia. Kesho asubuhi, kabla ya darasa, nenda kwenye ile meza. Enda na jina lako lote, la baba na la babu, na usikubali lifupishwe ili upite haraka. Ukiambiwa uandikishwe kwenu, sema hapa unaposoma ndipo unapoishi na sheria inakuruhusu. Ukiambiwa rudi kesho, rudi. Ukiambiwa tena, rudi na wenzako, na mkae. Ukimwona mwenzio anaulizwa maswali ambayo wewe hukuulizwa, usichukue kadi yako ukaondoka. Simama naye mpaka aandikwe, kama Nkirote alivyosimama nami. Na mtu akikuonyesha mlango wa mkato utakaokutaka uwasahau wazazi wako hata kwa dakika moja, ufunge mwenyewe kwa mkono wako.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyochoka kwenye foleni, na ulimi usioyumba mtu akikuuliza wewe ni nani. Akupe umri mrefu wa kutosha kuwaona wale waliokuita mgeni wakija mlangoni pako, kofia mkononi, kukuomba kura. Na siku hiyo akupe nguvu ya kuwaambia utafikiria. Amina.